Elektrodi ya kloridi inapokupa majibu ya ajabu: dalili, sababu na cha kufanya

"Elektrodi imekufa." Hayo ndiyo maneno ninayoyasikia zaidi kuhusu kifaa hiki cha kupimia kloridi katika maji, kutoka kwa mafundi wa maabara za maji nchini Uganda, kuanzia Kasese mpaka Busia. Mara nyingi haijafa. Ama standadi (maji ya kulinganishia yenye kloridi ya kiasi kinachojulikana) imekaa dirishani miezi minane, ama maji ya kujazia elektrodi rejea, ile ya pili ambayo mita hulinganisha nayo, yameisha, ama kiputo cha hewa kimejibanza chini ya kihisi, yaani elektrodi ya kloridi yenyewe, na hakuna aliyeinama kukitazama. Elektrodi mpya ni ghali na kuisubiri ifike kunachosha, kwa hiyo kabla hujamwandikia mkubwa barua ya maombi, pitia dalili hizi.

Ninazungumzia elektrodi ya uso mgumu, ile yenye kidonge cha kloridi ya fedha na salfidi ya fedha kwenye ncha. Kama yako ni ya utando laini wa plastiki, mengi ya hapa yatakufaa, ila ushauri wa kusugua usiufuate. Utautoboa.

Kwanza kabisa, weka mita kwenye milivolti

Namba ya mg/L (miligramu kwa lita) unayoiona kwenye kioo ni hesabu iliyopigwa na mita. Elektrodi yenyewe haijui mg/L, inajua milivolti tu. Ukiwa unatafuta hitilafu, acha mg/L na usome milivolti.

Kloridi ni ioni yenye chaji hasi, kwa hiyo inapoongezeka, milivolti hushuka. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, kloridi ikizidi mara 10, milivolti zinatakiwa kushuka kwa 59.2 kwa hesabu ya vitabuni. Elektrodi nzima hukupa kati ya 54 na 60. Tuseme standadi ya 10 mg/L imesoma 170. Ile ya 100 ikisoma kama 113 na ya 1000 ikasoma kama 56, umepata mteremko wa 57, na hapo huna ugomvi na elektrodi. Namba zako zinaweza kuanzia mahali pengine kabisa kulingana na elektrodi rejea uliyo nayo. Cha kuangalia ni pengo kati ya standadi moja na nyingine.

Kumbuka pia kwamba kukosea milivolti 1 tu ni kukosea karibu asilimia 4 ya jibu. Ndiyo maana mtu anayeandika "milivolti zilikuwa kama mia moja na kumi hivi" ananikera. Weka daftari kando ya mita, andika milivolti za kila standadi, kila siku, pamoja na jotoridi la maji. Daftari la miezi miwili litakuonyesha ugonjwa kabla haujakulaza.

DALILI: Namba zinarukaruka, hazitulii hata kidogo

Inua elektrodi utazame ncha yake. Kiputo cha hewa ndicho mkosaji wa kwanza. Iingize tena ikiwa imelala upande kidogo, si wima kama mlingoti, kisha itikise taratibu. Kiputo kitateleza na kutoka.

Pili, tazama kitundu cha kujazia kwenye elektrodi rejea. Kinatakiwa kuwa wazi wakati wa kupima, na maji ya ndani yawe juu kuliko maji ya sampuli. Kitundu kikizibwa, maji ya ndani hayatiririki na mita inabaki inatangatanga. Ukimaliza kazi ya siku, kizibe.

Tatu ni kukoroga. Korogo la kasi linalotengeneza shimo katikati ya bika, ile glasi ya maabara, huvuta hewa mpaka kwenye kihisi. Koroga polepole, na kwa kasi ileile kwa standadi na kwa sampuli.

Baada ya hapo ndipo uhamie kwenye umeme. Chomoa kebo, angalia kama ndani ya kichwa chake kuna unyevu au kutu ya kijani, kipanguse kwa kitambaa kikavu. Sogeza mita mbali na friji, feni na chaja za simu. Kama namba zinatulia ukizima kikoroga, au ukiondoa mkono wako karibu na kebo, basi tatizo ni usumbufu wa umeme au soketi isiyo na waya wa ardhini. Mita yenye betri utaijaribu kwa kuichomoa ukutani tu. Ikitulia, elektrodi haina kosa. Soketi usiifungue mwenyewe, mwite fundi umeme mwenye leseni.

DALILI: Namba inatembea polepole upande mmoja, haifiki

Hii ndiyo inayopoteza siku za watu, kwa sababu inafanana na kutulia. Unasubiri dakika mbili, unaandika, kumbe ungesubiri tano ungepata jibu jingine.

Sababu ya kawaida ni joto. Sampuli imetoka kwenye friji ikiwa na nyuzi 4, standadi imeshinda mezani kwenye joto la Kasese la alasiri. Kila nyuzi moja ya tofauti inaweza kukula karibu asilimia 2 ya jibu. Acha vyote vikae meza moja mpaka vilingane. Na kikoroga chenyewe hupata moto chini ya bika, kwa hiyo weka kipande cha boksi au sponji kati yao. Ni kitu kidogo cha bure ambacho nimekiona kikimaliza ugomvi wa wiki nzima.

Sababu ya pili nitaieleza kwa aibu, maana ilinipata mimi. Maji ya kujazia elektrodi rejea yalituishia. Kabatini palikuwa na chupa ya kloridi ya potasiamu tunayotumia kwa elektrodi ya pH, nikamimina hiyo. Milivolti zikawa zinashuka taratibu katika kila sampuli, hasa zile zenye kloridi kidogo. Nikasugua kihisi, nikatengeneza standadi upya, nikalaumu umeme. Siku ya tatu ndipo mwenzangu aliponiuliza, "Kaka, hiyo rejea umeijaza nini?" Elektrodi rejea huvujisha maji yake kidogo kidogo ndani ya sampuli, ndivyo ilivyoundwa. Ukiijaza kloridi ya potasiamu, unaipima kloridi uliyoimwaga mwenyewe.

Kwa hiyo kazi hii inataka elektrodi rejea ya vyumba viwili, na chumba cha nje kijazwe nitrati ya potasiamu, kwa kawaida ya asilimia 10. Ukishakosea kama mimi, mwaga yote, suuza chumba hicho mara tatu au nne kwa nitrati hiyohiyo, ijaze, kisha iache ivuje ndani ya bika kwa saa kadhaa kabla ya kuiamini tena.

Kama joto liko sawa na maji ya kujazia ni sahihi, huenda kiungo kimeziba, yaani pale maji ya ndani yanapotokea. Kwenye ncha ya rejea iliyokaushwa na karatasi, unyevu unatakiwa kurudi ndani ya muda mfupi. Usiporudi, loweka ncha kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha. Chembechembe nyeupe za chumvi nje ya kiungo zinayeyuka tu kwa maji.

Mwisho kabisa, kihisi kilichohifadhiwa kikavu kwa muda mrefu huchelewa kuamka. Kiloweke kwenye standadi ya 10 hadi 100 mg/L kwa nusu saa hivi.

DALILI: Mteremko ni mdogo, tuseme 48 au 40

Tengeneza standadi mpya kabla ya kufanya lolote jingine. Sitanii. Chumvi safi ya maabara, ikaushwe kwenye oveni ya nyuzi 140 kwa saa moja au mbili, ipozwe ndani ya desiketa (chombo kisichoingiza unyevu), upime gramu 1.648 na kujaza maji yaliyokenekwa mpaka lita 1 kamili. Hiyo ni standadi ya 1000 mg/L za kloridi. Nyingine zote zitoke hapo kwa pipeti na chupa ya ujazo, si kwa silinda wala kwa makadirio ya mstari wa bika.

Chumvi ya dukani haifai. Imetiwa madini joto na dawa ya kuzuia kugandana, na imevuta unyevu kiasi ambacho hukijui. Nimeona mwanafunzi akiitumia, na ripoti yake ilikuwa nzuri sana kuitazama.

Angalia pia kama standadi zote zimetiwa ISA, ile dawa ya kusawazisha nguvu ya ioni. Kwa kloridi hutumika nitrati ya sodiamu ya moli 5 kwa lita (gramu 425 katika lita 1), mililita 2 kwa kila mililita 100, kwenye standadi na kwenye sampuli vilevile. Ukiiweka upande mmoja na kuusahau mwingine, unalinganisha vitu viwili visivyofanana.

Pima kuanzia standadi nyepesi kwenda nzito. Katikati, suuza elektrodi na uikaushe kwa kuibonyezea karatasi laini bila kusugua.

Kama standadi ni mpya na mteremko bado ni mdogo, sasa ndiyo zamu ya kihisi. Utauona uso wake umefifia, una michirizi, au umekuwa mweusi. Chukua ukanda wa kung'arishia wa oksidi ya alumini, wa mikroni 3, weka matone ya maji, sugua kwa mizunguko midogo kama sekunde 30. Suuza, loweka kwenye standadi dakika kumi, pima tena. Msasa wa seremala haufai. Na usiligeuze jambo hili kuwa ibada ya kila asubuhi, kwani kila ukisugua unapunguza kidonge.

Ukishasugua mara mbili, ukatumia standadi mpya na rejea nzima, na mteremko ukabaki chini ya 50, hapo ninakubaliana nawe. Andika barua.

DALILI: Sampuli nyepesi zote zinatoa jibu linalofanana

Maji ya mvua kutoka kwenye mabati, maji ya Ziwa Viktoria, maji ya chemchemi za milimani: haya yana kloridi kidogo. Elektrodi hizi huishia karibu na 1.8 mg/L, na kabla ya kufika huko mstari wake huanza kupinda. Usitumie standadi za 100 na 1000 halafu utegemee jibu sahihi la 4. Ongeza standadi ya 5 na ya 10, na usubiri zaidi, hata dakika kadhaa kwa kila moja.

Pima pia maji yenyewe unayotumia kutengenezea standadi. Watu wengi hununua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta. Chupa moja huwa safi, nyingine hutia shaka. Yatilie ISA, chovya elektrodi, linganisha milivolti na standadi yako ya chini kabisa. Zikikaribiana, maji hayo ya betri yabaki kwenye betri.

Na jasho lina chumvi. Usishike ndani ya bika.

DALILI: Standadi zinapendeza, sampuli zinatoa uongo

Hapa elektrodi ni nzima, ila ndani ya sampuli kuna kitu kinachojifanya kloridi au kinachokishambulia kidonge. Kwa Uganda hili si jambo la kubahatisha. Maji ya chumvi ya Katwe, maji ya moto ya Kibiro na maji ya machimbo ya dhahabu ni mashule matatu tofauti.

Lakini kwanza kagua mambo ya kawaida. Je, mteja aliuliza kloridi au chumvi? Kloridi ukiizidisha kwa 1.65 unapata kloridi ya sodiamu, na nimeshuhudia watu wakizozana juu ya tofauti hiyo tu. Je, uliizidisha na idadi ya mara ulizopunguza makali, yaani ulizoizimua sampuli kwa maji? Je, ISA uliiweka baada ya kupunguza, au kabla?

Maji ya mabwawa ya chumvi ya Katwe ni mazito mno kwa elektrodi, ambayo mwisho wake ni takriban 35,500 mg/L. Yapunguze mara 1000, kwa hatua tatu: mililita 10 mpaka 100, kisha tena, kisha tena. Kupunguza mara moja kwa mililita 1 kunakuza kila kosa la pipeti, na maji hayo mazito hung'ang'ania kwenye kuta zake. Kama kuna fuwele chini ya chupa, ujue sampuli imeshabadilika tangu ulipoiteka.

Kupunguza makali kunatibu uzito na ualkali. Hakutibu salfidi. Salfidi haishindi kwa wingi wake bali kwa uwiano wake na kloridi, na uwiano huo haubadiliki hata ukipunguza mara elfu. Kinachotokea ni kwamba salfidi hushika fedha ya kidonge na kuacha ngozi nyeusi juu yake. Milivolti zinashuka mno, jibu linapaa, na standadi zako za jioni hazifanani tena na za asubuhi.

Harufu ya yai bovu ndiyo kipimo cha kwanza. Cha pili ni karatasi ya asetati ya risasi: idondoshee tone, ikigeuka kahawia au nyeusi, salfidi ipo. Kwa sampuli kama hiyo, kama za chemchemi za Kibiro, tia haidrojeni peroksidi kidogo, koroga, chemsha taratibu kuondoa iliyobaki, pooza, rudisha ujazo kwa maji yaliyokenekwa, kisha rudia karatasi. Ikibaki nyeupe, pima. Kihisi kilichokwisha kuwa cheusi kinahitaji ukanda wa kung'arishia.

Usitie asidi kwenye maji yenye salfidi ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi inayotoka ni sumu, na ikizidi pua huacha kuinusa, kwa hiyo kutosikia harufu si dalili ya usalama.

Bromidi na iodidi nazo huhesabiwa kama kloridi. Bromidi ikifika kama moli 3 kwa kila moli 1000 za kloridi, jibu huanza kuharibika. Iodidi hata chembe inatosha. Amonia nyingi, kama ya maji taka, huvuta fedha kutoka kwenye kidonge. Kuna mchanganyiko wa bromati na asidi ya nitriki unaoteketeza vingi vya hivi, lakini hutoa mvuke mbaya, na bila kabati la kuvutia hewa chafu sikushauri uukaribie.

Ukitaka kujua kama sampuli inakudanganya, iwekee kloridi unayoijua. Kwenye mililita 100, ongeza mililita 1 ya standadi ya 1000 mg/L. Jibu linatakiwa kupanda kwa karibu 10. Likipanda kati ya 9 na 11, endelea. Likipanda 5 tu au 17, acha elektrodi, nenda kwenye titresheni ya nitrati ya fedha, yaani kuidondoshea sampuli kemikali hiyo mpaka rangi ibadilike, ukilinganisha. Ila nayo haipendi salfidi wala bromidi, kwa hiyo isafishe sampuli kabla, na pH iwe kati ya 7 na 10. Kromati inayotumika kama kionyeshi ni sumu. Vaa glavu, na usiimwage kwenye sinki.

DALILI: Namba ni ileile kwenye kila bika, au mita inaonyesha imepita kikomo

Chomoa elektrodi. Unganisha pini ya katikati ya tundu la mita na ukingo wake kwa klipu ya karatasi. Mita nzima itaonyesha sifuri au karibu kabisa na sifuri. Isipoonyesha, kosa ni la mita. Ikionyesha, kosa ni kebo iliyokatika, rejea ambayo haikuchomekwa, rejea tupu, au kile kifuniko cha plastiki cha kihisi ambacho hakuna aliyekitoa. Usicheke, hutokea.

PA KUSIMAMA

Sampuli kutoka mahali wanapochenjulia dhahabu, iwe Busia au kwingineko, usiichovye elektrodi mpaka ujue wanatumia nini. Zebaki huharibu kidonge. Sianidi hukila, na ukiitia asidi inatoa gesi inayoua. Ukiambiwa kuna sianidi, au ukikosa wa kukujibu, funga chupa, iandike wazi, umpigie mkemia mwenye maabara yenye vifaa vya kazi hiyo. Titresheni pia usiijaribu.

Mita iliyolowa, iliyonuka kuungua au iliyopigwa na umeme uliorudi kwa nguvu, ichomoe na uipeleke kwa fundi wa vifaa vya maabara. Usiifungue kwa bisibisi. Elektrodi iliyopasuka kidonge haigundishwi kwa gundi.

Na kama matokeo yanakwenda kuamua iwapo kisima cha watu kifungwe, usiyatume kwa kutegemea elektrodi peke yake. Kloridi ya 200 hadi 300 mg/L ndipo ulimi huanza kuonja chumvi. Wenyeji wakikuambia maji ni matamu na mita yako inasema 600, rudi juu kabisa, weka mita kwenye milivolti.